Plasta ya ukuta wa nje: mwiko wa chuma au kibao cha mbao? Mafundi wawili wananivuruga

#1 Mwana_Wiyoni
Asalam aleikum wadau. Namalizia nyumba yangu Wiyoni, Lamu. Mawe ni ya matumbawe ya kukatwa kwa mashine, simiti ya kawaida ya dukani, mchanga umevushwa kwa mashua kutoka bara. Ndani sina lawama. Shida ni ukuta wa nje unaotazama bahari. Fundi alipiga plasta, akausugua kwa mwiko wa chuma mpaka ukang'aa, kila apitaye akasifu. Mwezi haukuisha, ukuta mzima umetanda nyufa nyembamba za utando wa buibui. Ukipitisha ukucha unazihisi, lakini haziingii hata wembe.

Nimemwita fundi wa pili. Anasema ukuta wa nje haupigwi mwiko wa chuma hata siku moja, husuguliwa kwa kibao cha mbao ukaachwa na ukwaruzo wake. Yule wa kwanza anasema mwenziwe anatafuta kazi tu, na kwamba lililoharibu ni jua. Picha zimekataa kupanda. Nimsikize nani?

#2 Karai_na_Mwiko
Wa alaikum salaam. Niko Malindi, kazi hii ndiyo inayonilisha. Wa pili amesema kweli, ila hakukupa sababu.

Ukisugua plasta mbichi kwa chuma unavuta maji na simiti laini yote ije juu, mchanga unabaki nyuma. Ngozi ya juu inakuwa simiti tupu. Simiti ikikauka hujikunyata, na kadiri ilivyo tupu ndivyo inavyojikunyata zaidi. Iliyo chini yake ina mchanga, haijikunyati sana. Basi ngozi haina pa kwenda ila kupasuka. Ndani ya nyumba waweza kusalimika kwa kuwa hakuna jua wala upepo. Nje, tena upande wa bahari, ni bahati nasibu.

Swali moja: alipokuwa akisugua, alinyunyiza simiti kavu juu?

#3 Mwana_Wiyoni
Alinyunyiza. Alikuwa akirusha kwa mkono kisha anapitisha mwiko. Alisema ndiyo inayozuia maji ya mvua.

#4 Karai_na_Mwiko
Kesi imekwisha. Hakimu ainuke.

#5 Injinia_Mvita
Hakimu akae kwanza, hajasikiza mashahidi. Hilo la mwiko ni kweli lakini si lazima liwe lenyewe. Mwana_Wiyoni, kipimo chake cha kuchanganya kilikuwa kipi? Mafundi wengi wakiambiwa "nje" hukimbilia moja kwa tatu, simiti moja mchanga tatu, wakidhani wanaongeza nguvu. Moja kwa tatu juu ya jiwe la matumbawe ni kosa hata ungemalizia kwa manyoya ya kuku. Matumbawe ni jiwe laini lenye vitundu. Kanuni ni kwamba kila koti lisiwe gumu kuliko lililo nyuma yake. Ukivisha jiwe laini gamba gumu, gamba litapasuka au litabanduka.

Kwa huku pwani moja kwa tano au sita yatosha. Bora zaidi ni simiti moja, chokaa moja, mchanga sita. Chokaa huifanya plasta iwe na unyumbufu kidogo na ikamate maji isikauke haraka. Na kila koti lisizidi milimita 15. Ukiona fundi anajaza shimo la inchi mbili kwa mkupuo mmoja, mnyang'anye mwiko.

#6 Mwana_Wiyoni
Kipimo chake kilikuwa macho. Mfuko ukimwagwa, kibarua analeta mchanga mpaka fundi aseme "basi".

#7 Punda_Hana_Breki
Kipimo cha "basi" 😂 Nyumba nusu ya mji huu zimejengwa hivyo.

#8 Mtu_wa_Sabaki
Nyote mmeruka lililo la kwanza: mchanga. Amesema "kutoka bara". Bara wapi? Mchanga wa mto Sabaki ukichukuliwa baada ya mvua huja na tope. Kila mtu Malindi anajua bahari inavyogeuka nyekundu mto ukijaa. Tope hilo likiingia kwenye plasta linakunywa maji mengi, na likikauka linasinyaa. Nyufa za buibui ndizo hizo hizo.

Chukua chupa ya maji ya plastiki isiyo na rangi. Tia mchanga hadi nusu, jaza maji, tia kijiko cha chumvi, tikisa, acha itulie saa chache. Mchanga utakaa chini, udongo utakaa juu yake kama tabaka. Udongo ukizidi kama asilimia 8 ya kimo cha mchanga, usiutumie bila kuuosha.

#9 Dada_wa_Shela
Na msije mkamshauri achukue mchanga wa vilima vya Shela, maana nimeona watu wakisema huo ni mchanga safi. Maji matamu ya visima vya mji yanatoka chini ya vilima vile. Isitoshe haufai: umesagwa na upepo, chembe zake ni laini, za duara na za saizi moja. Plasta inataka chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika, zishikane.

#10 Mtu_wa_Sabaki
Sahihi kabisa. Na wa ufukweni una chumvi juu ya hayo. Chumvi inavuta unyevu hewani, ukuta haukauki, rangi inatoka magamba, na nondo zikiwa karibu zinaota kutu.

#11 Bin_Mkomani
Nawasoma tu yeo tangu asubuhi. Simiti, simiti, simiti. Watu wa kae walijenga mui huu kwa matumbawe na chokaa, na kuta zingali zimesimama. Chokaa ilichomwa hapo Maweni, Manda, ikavushwa kwa mashua, ikazimwa kwa mai, ikakaa shimoni hata ikaiva. Hakuna fundi aliyeipiga moto wa haraka haraka. Sasa mtu anaweka simiti yuu ya jiwe la matumbawe kisha anauliza mbona unapasuka. Jiwe lapumua, ninyi mwaliziba pua.

#12 Karai_na_Mwiko
Shikamoo mzee. Yote ni kweli kwa nyumba ya kale ya mtaa wa Mkomani. Hii ni nyumba mpya Wiyoni, mawe yake yamejengwa kwa simiti tangu msingi. Tukimwambia akachome chokaa atahamia lini?

#13 Bin_Mkomani
Marahaba. Atahamia plasta ikikauka. Mlimharakisha nini?

#14 Shangani_ZNZ
Niko Unguja, tuna ugonjwa huo huo Mji Mkongwe. Mzee Bin_Mkomani ana hoja, nitaiweka kwa lugha ya kazi.

Ukichoma matumbawe kwenye tanuri, moto wa takriban nyuzi 900 hufukuza gesi ya kaboni na kubaki chokaa hai. Ukiizima kwa maji inachemka yenyewe (kaeni mbali, ikiruka machoni ni hospitali moja kwa moja). Ukiipiga ukutani hainywi maji ikaganda kama simiti. Inakauka kisha inarudisha ile gesi kutoka hewani pole pole na kuwa jiwe tena. Hukadiriwa milimita moja hivi kwa mwezi. Kwa hiyo hupigwa makoti membamba, na kila koti huachwa lishike kabla ya linalofuata. Maji yakiingia ukutani yanatoka kwa uso wote. Simiti ukiiweka juu ya ukuta wa zamani wa chokaa, maji yanayopanda kutoka ardhini hayapati pa kutokea. Yanapanda zaidi, yanatokea ndani, na chumvi iliyomo inageuka fuwele nyuma ya plasta na kuisukuma. Ndiyo unaona vipande vinaanguka vizima vizima kimo cha kiuno.

Ila nyufa za buibui kwenye nyumba mpya sidhani ni hilo.

#15 Mama_Kipungani
Mimi swali langu ni dogo. Nyumba za kale za Lamu zilipigwa plasta nje au hazikupigwa? Nikipita vichochoro naona mawe matupu mengi, na urembo wote uko ndani, zidaka (vile vishubaka vya ukutani) na mapambo ya chokaa.

#16 Bin_Mkomani
Nje haikuwa mahali pa kujionyesha. Ukuta wa ndiani ulikuwa mtupu, mwenye mali alificha mali yake ndani.

#17 Shangani_ZNZ
Mzee, mtupu kwa maana ya usio na mapambo nakubali. Lakini usio na plasta? Mawe yale ya matumbawe hayakuchongwa sawa, yamepangwa kwa vipande vipande na chokaa. Ukuta wa namna hiyo ukiachwa bila kuvishwa mvua inakula chokaa ya viungo. Mimi naamini ulivishwa, na plasta imeanguka kwa miaka. Nendeni kwenye magofu ya Gede, palihamwa karne ya 17, na bado mabaki ya plasta yanaonekana kutani.

#18 Bin_Mkomani
Gede ni Gede. Hapa ni Amu.

#19 Injinia_Mvita
Nadhani nyote mna haki. Nyumba ya tajiri na nyumba ya jirani yake hazikuwa na bajeti moja. Tuendelee na ukuta wa ndugu yetu.

#20 Punda_Hana_Breki
Hamjataja adui mkubwa wa plasta ya nje Lamu. Punda. Punda aliyebebeshwa mchanga, kichochoro cha upana wa mikono miwili, pembe ya nyumba. Kila siku anapitisha gunia palepale. Uliza nyumba yoyote ya pembeni mtaa wa Langoni, kimo cha mbavu za punda ukuta umechimbika.

#21 Dada_wa_Shela
😂😂 Kweli tupu. Na punda akiwashwa anajikuna palepale. Ukwaruzo wa kibao cha mbao atausifu.

#22 Karai_na_Mwiko
Pembe ya kichochoroni usiipige kali. Iviringe. Fundi mvivu anapenda pembe kali kwa sababu ubao unamnyooshea, lakini pembe kali ndiyo inayomeguka kwanza. Chukua chupa au kipande cha bomba, iburuze juu chini plasta ikiwa mbichi, utapata mviringo mzuri. Na koti la pembe pekee unaweza kulitia simiti zaidi kidogo.

#23 Kijana_wa_Mokowe
Wadau, mimi ndio najifunza kazi. Karai_na_Mwiko naomba utueleze hatua kwa hatua unavyomalizia ukuta wa nje. Fundi wangu hasemi, anafanya tu na mimi nabeba karai.

#24 Karai_na_Mwiko
Haya kijana, maana na mimi nilibeba karai.

Jiwe la mashine lina vumbi la msumeno. Halionekani lakini lipo. Paka kiganja ukutani, kikitoka cheupe huo ndio ugonjwa. Piga brashi, mwagia maji, siku moja kabla. Asubuhi ya kazi mwagia tena, subiri uso usiwe unang'aa maji. Jiwe kavu litafyonza maji ya plasta kabla simiti haijayatumia. Jiwe linalotiririka nalo plasta inateleza.

Kisha rusha koti la kwanza. Usipake. Rusha kwa mwiko, simiti moja mchanga mbili au tatu, mchanga wenye chembe kubwa, uji mzito. Ukuta uwe na vipele. Acha siku moja au mbili ukiulowesha. Hili koti linaruhusiwa kuwa kali kwa sababu ni jembamba na kazi yake ni kushika tu. Injinia asinirukie.

Funga uzi, angusha timazi, bandika vipande vya kipimo pembeni na katikati. Jaza baina yake, vuta ubao mrefu kutoka chini kwenda juu huku ukiutikisa kulia kushoto. Ukivuta bila kutikisa unang'oa.

Sasa hapa ndipo kazi ilipo. Usiguse kwa kibao mara moja. Bonyeza kidole: kikizama, bado. Kikiacha alama na kutoka kikavu bila uji, anza. Kisipoacha alama umechelewa, na kuanzia hapo utakuwa unarashia maji na kuharibu. Lowesha kibao cha mbao, kikung'ute, zungusha duara ndogo ndogo, mkono mwepesi, ukianzia juu. Utasikia sauti ya mchanga. Sauti ikibadilika kuwa laini, toka hapo, usirudi kubembeleza. Ukibembeleza sana hata mbao inaleta simiti juu.

Mwenye nyumba akitaka ulaini zaidi, sponji yenye unyevu, mara moja, basi. Ukuta mmoja umalize siku moja. Ukishindwa, simama kwenye pembe au nyuma ya bomba la maji, usisimame katikati, kiungo kitaonekana maisha.

Na ufuate kivuli. Asubuhi piga ukuta wa magharibi, alasiri wa mashariki. Karai lisipite saa moja unusu. Likianza kugoma usilitie maji ukalikoroga upya, limwage kwenye shimo la njia.

#25 Kijana_wa_Mokowe
Shukran sana fundi. Nimenakili yote.

#26 Injinia_Mvita
Sirukii. Ni sawa, nyongeza ni kulowesha baada ya kazi. Siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni, na mchana kama jua ni kali. Ukitundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta ni bora zaidi kuliko kurusha maji kwa kopo. Mwana_Wiyoni, ukuta wako uliloweshwa?

#27 Mwana_Wiyoni
Kibarua alimwagia siku mbili tatu za mwanzo, kisha akapata kazi pengine. Nilikuwa Mombasa.

Lakini wadau kuna jambo limenichanganya. Ukuta wa nyuma, ule wa kichochoroni, ulipigwa na fundi yule yule, mchanga ule ule, mwiko ule ule wa chuma, simiti kavu ikarushwa vile vile. Nimeuangalia leo kwa tochi. Hauna ufa hata mmoja.

#28 Punda_Hana_Breki
Hakimu rudi mahakamani!

#29 Mtu_wa_Sabaki
Mchanga nao umeachiliwa huru, ikiwa kweli ni ule ule. Ni shehena moja ya mashua?

#30 Mwana_Wiyoni
Nadhani mashua ilikuja mara mbili. Sikuandika upi ulikwenda wapi.

#31 Mtu_wa_Sabaki
Basi sijaachilia.

#32 Tanga_la_Mshazari
Mimi si fundi, ni nahodha, lakini upepo naujua. Mlipiga wakati wa Kaskazi?

#33 Mwana_Wiyoni
Ndiyo, Januari.

#34 Tanga_la_Mshazari
Basi. Januari huku hakuna mvua, upepo mkavu unavuma toka baharini mchana kutwa, na ukuta huo unapata jua tangu linachomoza. Nguo nikianika pale saa mbili asubuhi saa tatu nimeanua. Kichochoroni hakuna jua wala upepo. Sihitaji mwiko kueleza hilo.

#35 Karai_na_Mwiko
Nahodha, upepo ulikausha ngozi ambayo mwiko uliitengeneza. Bila ngozi ile upepo ungekausha nini? Kichochoroni ngozi ipo lakini imekauka pole pole, ikavumilia. Subiri mwaka mmoja uone kama haitafuata.

#36 Injinia_Mvita
Yaani nadharia yako haiwezi kushindwa. Ukuta ukipasuka ni mwiko, usipopasuka ni subira.

#37 Karai_na_Mwiko
Injinia, wewe ukija saiti unakuja na viatu safi na kuondoka navyo safi. Niache na mwiko wangu.

#38 Bi_Kibao
Salaam. Mimi ni mkandarasi, na wenzangu wengi hapa mmetazama uso tu. Mwana_Wiyoni, chukua mpini wa nyundo, gonga ukuta ule taratibu kutoka chini hadi juu, hatua kwa hatua. Mahali panapolia kigumu, plasta imeshika. Panapolia wazi, imeachana na jiwe. Weka alama kwa chaki.

Nyufa pia zina lugha yake. Za buibui zilizotapakaa kote ni za uso: mwiko, simiti nyingi, kukauka haraka. Ufa ulionyooka kulala, unaofuata mstari wa mawe, unatoka kwenye ukuta wenyewe. Unaoshuka mshazari kutoka pembe ya dirisha ni uzito wa juu au msingi unakaa, huo usizibe kwa plasta kabla hujajua. Na zinazokusanyika juu karibu na paa ni maji. Una paa la zege la kutembea juu? Ukuta mfupi wa juu umefunikwa vipi?

#39 Mwana_Wiyoni
Ndiyo paa ni la zege, na ukuta mfupi pembeni. Juu yake hamna kifuniko, ni plasta tu.

Nimegonga. Chini na katikati pote pagumu. Juu, kama mkono mmoja kutoka paani, kuna sehemu tatu zinalia wazi. Kichochoroni sijasikia popote.

#40 Bi_Kibao
Ndiyo hayo. Mvua ndogo au umande unakaa juu ya ukuta mfupi, unaingia nyuma ya plasta, unashuka. Ungekuwa na kifuniko chenye mteremko wa kwenda ndani, na mfereji mdogo upande wa chini wa ukingo ili tone liangukie nje lisirudi ukutani. Chini ya vizingiti vya madirisha vivyo hivyo. Watu wanabishana mwiko na kibao miaka na miaka na hawajui maji yanaingilia wapi.

#41 Injinia_Mvita
Nahodha amesema Januari huku hakuna mvua. Maji ya wapi?

#42 Bi_Kibao
Tangi liko wapi?

#43 Mwana_Wiyoni
... Tangi liko juu. Upande huo huo wa bahari. Likijaa linamwagika, sijaweka boya la kufunga maji.

#44 Punda_Hana_Breki
Nimekaa chini.

#45 Karai_na_Mwiko
Bi Kibao heshima. Lakini sehemu zinazolia wazi zaweza pia kuwa lile vumbi la msumeno. Juu ndiko fundi alikochoka, hakuosha jiwe. Na nyufa za buibui ziko ukuta mzima, tangi halimwagiki ukuta mzima.

#46 Mwandani_wa_Takwa
Niongeze langu: maji ya kuchanganyia. Wiyoni wengi wana visima vya maji ya chumvichumvi. Kama mlichota kisimani, hiyo chumvi imo ndani ya plasta tangu siku ya kwanza. Je, kuna unga mweupe unaotoka? Ukiuramba una chumvi?

#47 Mwana_Wiyoni
Tulichanganyia ya kisimani, ndiyo, kuta zote mbili. Unga mweupe upo kidogo chini. Kuramba sijaramba, watoto watanicheka.

#48 Mwandani_wa_Takwa
Ramba usiku.

#49 Mama_Kipungani
Jamani kwa nini msimshauri tu ile ya kurusha ya vipele? Kakangu Malindi amefanya, haina haja ya kusugua chochote.

#50 Karai_na_Mwiko
Rafkasti. Mbili zipo. Ya kwanza unarusha kwa mwiko mchanganyiko wenye kokoto ndogo. Ya pili ni tairolini, sanduku la bati lina mkono wa kuzungusha na vibao ndani vinachapa uji wa simiti ukutani. Zote huficha nyufa na maji ya mvua hayatiririki kwa mkupuo. Fundi hodari wa tairolini anapita mara tatu, kila mara kutoka pembe tofauti, asipofanya hivyo madoa yanaonekana jua la jioni. Kibaya chake ni vumbi na ukungu. Lamu unyevu mwingi, baada ya misimu kadhaa ukuta unageuka mweusi chini, na kuusugua unaumiza mikono. Kiraka nacho hakifanani kamwe.

#51 Dada_wa_Shela
Na ukiegemea umevaa buibui limechanika. Naongea nikijua.

#52 Bin_Mkomani
Na kama nyumba i Mkomani ama Langoni, kabula hujarusha hayo mavipele uende ofisi ya Makumbusho. Mui huu u katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, haupakwi kila mtu apendavyo.

#53 Mwana_Wiyoni
Wiyoni niko nje ya hapo mzee, lakini nimeelewa. Sasa nifanye nini? Nibomoe plasta yote?

#54 Injinia_Mvita
Usibomoe kilicho kigumu. Vunja sehemu tatu zinazolia wazi tu, kata kingo zake mraba kwa tindo, osha, rusha, jaza. Nyufa za buibui zilizoshika vizuri haziangushi nyumba, ni sura tu. Zisugue kwa brashi ya waya, paka chokaa iliyochujwa makoti matatu manne mepesi, itaingia kwenye nyufa. Rangi ya mafuta ya kung'aa usiikaribie, itafunga unyevu ndani.

#55 Karai_na_Mwiko
Chokaa haitashika juu ya uso uliosuguliwa kwa chuma! Umelaini mno, itatoka kwa kanzu za wapita njia. Lazima aukwaruze wote kwanza.

#56 Shangani_ZNZ
Aukwaruze kidogo, alowanishe ukuta kabla ya kupaka, apake nyembamba ya maji maji. Inashika. Wanaopaka nzito mara moja ndio wanaoambulia unga.

#57 Bi_Kibao
Kabla ya yote boya la tangi. Halafu kifuniko cha ukuta mfupi. Halafu ndiyo mgombane.

#58 Mwana_Wiyoni
Boya nanunua kesho. Nitavunja sehemu tatu, moja nitaimalizia kwa kibao cha mbao, moja kwa sponji, moja kwa chuma bila simiti kavu, zote mchanga mmoja uliooshwa na maji ya mfereji. Nataka kumaliza kabla ya mvua za Aprili. Nitaleta picha mtandao ukikubali.

#59 Tanga_la_Mshazari
Ukifanya Machi upepo unapungua, majaribio yako hayatasema lolote kuhusu Januari.

#60 Mtu_wa_Sabaki
Na ukiosha mchanga hatutajua kama ulikuwa mchafu. Weka kopo moja ambalo hujaosha.

#61 Kijana_wa_Mokowe
Samahani, kibao cha mbao ni mbao gani? Cha kwangu kimevimba kikapinda.

#62 Karai_na_Mwiko
Mbao nyepesi iliyokauka vizuri, nyuzi zake ziende urefu wa kibao. Ukimaliza kazi kioshe ukianike kivulini, usikiache ndani ya ndoo.

#63 Bi_Kibao
Au nunua cha plastiki, hakivimbi.

#64 Karai_na_Mwiko
Cha plastiki kinateleza, hakili mchanga. Bi Kibao, jina lako lenyewe linakusuta.